Mashine Iliyoongezwa Mwendo

Mashine yetu ya kusaga ilikuwa Ilula, upande wa juu wa barabara kuu, kwenye banda la mabati ambalo mume wangu alilijenga mwaka tuliooana. Injini yake ya dizeli ilikuwa kuukuu. Aliinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga shamba aondoke nchini. Ilisaga polepole, unga ukatoka laini, na miaka ya mwanzo ilitutosha.

Kisha serikali ikaleta watu. Wale wa vilimani walihamishiwa kando ya barabara, familia baada ya familia, wengine nyumba zao zimechomwa ili wasirudi. Wote hao walikula ugali. Foleni ya madebe ikaanza alfajiri, na jua likizama bado kulikuwa na wanawake wamekaa chini na mahindi yao. Waliokosa walirudi kutwanga kwa mikono. Mimi ndiye niliyepokea mahindi mlangoni, kwa hiyo matusi yalianzia kwangu.

Mume wangu alitaka injini mpya, kubwa zaidi. Alikuwa anapanda Iringa mjini kwa muuza mashine mmoja, na kila akirudi nilijua jibu kabla hajafungua mdomo. Injini hazipo. Zikija, zitaanza kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Asubiri.

Mdogo wake alikuwa fundi wa magari Mbeya, anaishi mtaa wa Soweto. Alikuja kutusalimu baada ya mavuno, akasimama bandani kitambo, kiganja juu ya injini kama anayempima mtu homa.

"Kaka, hii injini imelala," akasema. "Ina nguvu ambayo hamjaitumia."

"Nguvu gani? Inakuzidi umri."

"Nakaza springi ya gavana izunguke haraka. Halafu upande wa injini naweka puli kubwa ya kuvutia mkanda. Utasaga mara mbili ya hapa, na hutamngoja mtu wa Iringa."

Nikamuuliza gavana ni kitu gani. Akanieleza kwa upole kwamba ni kile kinachoizuia injini isipite mwendo uliopangwa na walioitengeneza.

"Sasa shemeji, hao walioipangia hawakuwa na sababu?"

Akacheka. "Waoga tu wale. Wanaacha nafasi kubwa mno."

Mume wangu akarudi kumimina mahindi. Usiku hakugeuka kitandani, akalala chali tu, nami nikajua anapiga mahesabu ya mashine. Alikuwa mtu wa kungoja kwa asili yake, na nadhani angengoja. Lakini kesho yake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alizirai kwenye foleni juani. Mume wangu alimbeba yeye mwenyewe mpaka kivulini, akampa maji, kisha akarudi bandani na kumwambia mdogo wake, "Haya, ifanye."

Wiki za kwanza foleni iliisha mapema. Watu walimshukuru, na yeye akaanza kuimba tena nyimbo za kanisani akiwa kazini. Shemeji alikwisharudi Mbeya. Lakini unga ulitoka wa moto kiasi cha kuunguza vidole, mkanda ulinuka, na banda zima lilitetemeka mpaka misumari ikawa inachomoka kwenye mabati.

"Inalia vibaya," nilimwambia.

"Nasikia. Injini mpya ikifika, hii tutaipumzisha."

"Na isipofika?"

Akanitazama kama niliyemwongezea mzigo, akaendelea kumimina mahindi.

Ilikuwa mchana, Jumamosi. Nilikuwa nimeshika debe la bibi mmoja mlangoni niliposikia mlio ukipanda, ukawa mwembamba. Halafu kishindo. Moja ya zile nyundo za chuma zinazoponda mahindi ilikatika ndani, ikapasua bati la mashine na kumpiga mume wangu pajani. Alikuwa amesimama palepale anaposimama kila siku. Unga ulijaa hewani, sikumwona. Nilimpata kwa kupapasa, na mkono wangu ukalowa.

Wanaume walisimamisha lori lililokuwa linaelekea Zambia. Dereva alinipa mkanda wake wa kiunoni. "Kaza juu ya jeraha, mama. Kaza, usimwonee huruma." Nikakaza. Nyuma yetu injini ilikuwa bado inanguruma, haina kazi.

"Izimeni," mume wangu akasema.

"Imeshazimwa," nikamwambia.

Alikata roho tulipofika Ipogolo, chini ya mlima wa kupandia mjini. Dereva hakujua. Akapanda nasi mlima mpaka hospitali, nami sikumwambia.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa, wakaamua shemeji anirithi. Yeye ndiye mdogo wa marehemu, hajaoa, na watoto wangu ni damu yake. Shemeji akasimama, macho chini.

"Wazee wangu, siwezi. Nitamtazamaje kila asubuhi?"

Mimi hakuna aliyeniuliza. Nikasema hivyo hivyo, "Na mimi sitaki." Mzee mmoja akanifokea kwamba mwanamke mwenye akili hasemi hivyo kwenye msiba. Waliondoka wamekasirika, na tangu siku ile ndugu wa mume wangu hawakunisaidia hata kwa chumvi.

Shemeji alibaki akaifungua mashine peke yake, kipande kwa kipande, akavipaka grisi na kuvifunika magunia. Alipomaliza akaja jikoni.

"Shemeji, unanilaumu?"

"Nakulaumu," nikasema. "Na yeye namlaumu. Alikuwa na mdomo wa kukataa."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimwekea chakula, akala chote, akapanda basi la Mbeya.

Mimi nilianza kuuza nyanya barabarani, na hizo ndizo zilizosomesha watoto. Mwaka mmoja nilipeleka matenga Mbeya, nikaulizia Soweto mpaka nikampata. Alikuwa ameacha ufundi, anauza mkaa. Alinikaribisha, akanunua maandazi, akauliza habari za watoto mmoja mmoja na madarasa yao. Tulikunywa chai. Hakuna aliyemtaja kaka yake. Jua lilipoelekea kuzama akanisindikiza stendi, akanibebea matenga matupu, na basi lilipoondoka alikuwa ameshageuka anarudi.