Kisima Kilichoingia Chumvi

Siku ya hitima ya mke wangu, kisima cha msikiti wetu wa Wiyoni kiliingia chumvi. Muadhini, ambaye pia huendesha pampu, aliiwasha kabla ya Magharibi watu wapate maji ya kutawadha, kisha akaingia kuswali. Swala ikafuatwa na hitima, naye akaona haya kunyanyuka marehemu akisomewa. Tangi likajaa, likamwagika, pampu ikaendelea kuvuta. Visima vyetu vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupanda chini kwa chini.

Asubuhi chai ya wageni wangu haikumezeka. Bi mmoja jirani akamkabili muadhini barazani. "Bwana wee, mai haya umeyateka pwani?"

Kamati ya msikiti ikataka arudishe ufunguo wa pampu, naye akamkabidhi mwenyekiti. Pampu ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha.

Mimi ni fundi umeme, shule niliishia darasa la saba. Nikawaambia, "Mkimpa mwingine ufunguo, huyo haswali? Mtu hawezi kuwa kwenye sijda na kwenye swichi. Niachieni pampu."

Nyumba ilikuwa kimya mno, kazi niliitaka. Boya moja nililitia tangini: likielea hadi juu, linakata umeme. La pili nikalishusha kisimani, likate kabla maji hayajashuka hadi kina ambapo, kwa kuonja kikombe baada ya kikombe, nilihisi chumvi ikizidi. Nyaya nilizifunga hivi kwamba wowote ukikatika, pampu inazima.

"Waya ukikatika si tutakosa maji?" mwenyekiti aliuliza.

"Tutakosa, na tutajua papo hapo. Chumvi hutujulisha tukiwa tumeshachelewa."

Muadhini aliyatazama maboya. "Basi kazi yangu sasa ni kuchunga plastiki?"

"Ziamkie tu, hazitaki mshahara wako."

Alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Ijumaa niliwasha pampu kwa jaribio, na imamu akarefusha hotuba. Tukiwa kwenye sijda nilisikia mngurumo wa pampu ukikoma wenyewe. Muadhini, bega kwa bega nami, alishusha pumzi. Sikuwa na shaka tena.

Chumvi haikuondoka upesi. Baada ya Ijumaa hiyo tulikipumzisha kisima, tukatumia maji ya jirani hadi mvua za masika. Kisha mwenyekiti akaja, akaonja maji ya kisima, akaonja tena, akatoa ufunguo mfukoni na kumwekea muadhini kiganjani. Muadhini akaenda kuwasha pampu. Adhuhuri ilikuwa imekaribia.