Makaburi ya Wafalme Juu ya Fes

Mwaka wangu wa pili Durban nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja ya mtaa wa Overport, na chumba changu kilipakana na cha mzee mmoja wa Morocco. Alikuwa mpishi wa meli. Alivunjika mguu hapa bandarini, meli ikaondoka, yeye akabaki. Tulielewana kwa Kifaransa. Jumapili alipika supu ya dengu na nyanya, akaniita tule.

Siku moja aliniuliza habari za wazazi wangu. Nikasema mama yuko Bukavu, baba yuko safarini. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila mtu, hata kwa mama mwenyewe, maana vita vilitutenganisha naye. Ukweli ni kwamba baba alifia mikononi mwangu msituni, tukikimbia, nikamzika kando ya njia nikisaidiwa na watu nisiowajua.

Mzee hakudodosa. Alianza kunisimulia mji wao, Fes. Juu yake kuna kilima, na kilimani makaburi ya wafalme wa kale. Kuta zimebomoka, hakuna ajuaye tena nani amelala wapi. Baba yake, fundi wa ngozi, alipanda huko na punda kuanika ngozi za kondoo.

"Kila asubuhi, kabla hajatandika hata ngozi moja, aliwasalimu," akasema. "Nikamwuliza, baba, unamsalimu nani? Akasema, wenyewe wanajijua."

Niliweka kijiko chini. Nikamweleza yote. Alisogeza bakuli, akanipa kitambaa safi nijipanguse uso.

Kesho yake nilikwenda duka la simu, nikampigia mama.

"Papa haiko safarini, Mama. Nilimuzika."

Nikamsikia akivuta kiti, akaketi.

"Ulimufunika na nini?"

"Na kitenge yangu ya bluu, ile ulinipatia."

"Basi hakulala wazi," akasema. Ndipo akalia, nami nikalia, na mwenye duka akageukia ukutani.

Wiki mbili baadaye padri alimsomea baba misa. Mzee alikuja, akakaa benchi la nyuma, kofia magotini. Watu waliposimama, akasimama. Walipopiga magoti, akainamisha kichwa. Siku hiyo hiyo, kule Bukavu, mama alitandika mkeka uani, majirani wakaja kukaa naye matanga.