Inspekta wa Usafi Kando ya Musonoi

Cheka ukitaka. Lakini jeneza la Tata Kalenga mi nililibeba kwa bega hili, kwa hiyo usiniambie kwamba sikumtambua.

Tata Kalenga alikuwa inspekta wa usafi katika cité, mtaa wetu wa wafanyakazi wa kampuni, kando ya mto Musonoi. Zamani hizo nyumba zote zilipakwa chokaa, na kila Alhamisi alipita na fimbo yake, anafunua masufuria, anatafuta maji ya kuzalia mbu. Wanaume wazima, wachimba shaba, wakimwona walikimbilia ufagio.

Kisha kampuni ikaanguka, mishahara ikakatika, na watu wakaanza kupiga kelele kwamba watu wa jimbo la Kasai warudi kwao. Jirani yangu Mama Ngalula, wa Kasai kwa wazazi lakini aliyezaliwa hapa hapa, alienda na watoto wake kungoja treni stesheni. Ufunguo akaniachia mi.

"Uniangalilie nyumba, tata," akasema.

Nikaitika. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, yangu kimoja. Wiki haijaisha, kitanda changu kilikuwa ndani.

Siku moja, saa nane mchana, mlango ukagongwa kwa fimbo. Nafungua, Tata Kalenga huyu hapa, kaptula ya kaki imepigwa pasi. Unadhani nilikimbia? Nilikimbilia beseni kumwaga maji! Niamini, nilikuwa nimeshashika ufagio ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika miaka mitatu nyuma.

Akafunua sufuria ya bibi yangu, mke wangu, akakunja uso. Kisha akauliza, "Mama Ngalula iko wapi?"

Wewe ungejibu nini? Nikasema alienda ku soko.

"Bon. Mi tamungoja." Akakaa kwenye kiti changu.

Alikaa mpaka jua likazama. Kesho yake akarudi, na siku ya tatu. Bibi yangu alifua hata mapazia, tukidhani ataridhika aende zake. Hakuyatazama. Tukahama na kitanda chetu. Waliohamia baada yetu walidumu siku mbili.

Baadaye habari ikatufikia: Mama Ngalula alikufa pale pale stesheni, treni haijaja. Nililia sana. Mpaka leo naona haya, maana hata maji ya kunywa sikumpelekea. Nyumba zingine za mstari ule ziling'olewa milango na mabati. Yake iko nzima, na mzee yumo. Mara nyingi nimefika mlangoni nimwambie kweli, mdomo unakataa.

Basi nisikie vizuri. Ukiachiwa ufunguo, linda nyumba na ulale kwako. Na kama umeshaingia, ukaulizwa mwenyewe yuko wapi, sema kweli siku hiyo hiyo. Mi nilisema soko, na yule mzee bado anaamini mama yuko njiani.