Siku Walizonifungia Foni

Watu husema mimi hucheka kila mahali, hata kilioni. Ni kweli, sikatai. Lakini kuna baba mmoja hapa Kamina, nikimwona anatoka kazini na funguo zake mkononi, kicheko kinanikauka mdomoni. Sijamtukana hata siku moja. Acha basi niandike.

Nilikuwa na miaka ishirini. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa tatu wa sekondari, na kazi yangu ilikuwa foni. Kwa asiyeijua, foni ni redio ya kuongea, inayokula betri ya gari na kuvuta sauti kwa waya mrefu uliofungwa juu ya miti miwili. Simu ya posta ilikuwa imekufa zamani. Barua zilipanda treni, na treni ilikuja siku iliyotaka yenyewe. Kwa hiyo mtu mwenye neno la kupeleka Luena au Bukama alikuja kwangu, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa letu, akakaa kwenye benchi, nikamwitia watu wake. Unabonyeza kitufe, unasema, unamaliza na "à vous", yaani zamu yako, unaachia, unasikiliza. Ukisahau kuachia, wewe husikii kitu, na wote wanakusikia wewe.

Niliipenda kazi ile mpaka aibu. Opereta wa Bukama, mzee muuza samaki, akiongea nilisikia nyuma yake mitumbwi ikigongana na akina mama wakigombania kapu. Nikawa nafumba macho na kuushuka mto Lualaba kwa kichwa, mpaka mtu wa benchini aniguse na kusema, kwa "njo" yetu badala ya "ndiyo": "Mademoiselle, zamu yangu njo imefika ama unasinzia?"

Tulikuwa stesheni kumi na kitu kwenye wimbi moja. Neno la mmoja liliingia masikioni mwa wote, kwa hiyo ilibidi awepo wa kugawa zamu. Huyo alikuwa opereta wa duka kubwa la jumla pale karibu na gare, kituo cha treni, tulimwita Directeur. Nisimwonee: bila yeye tungepiga kelele wote pamoja. Saa mbili asubuhi aliita stesheni zote, moja moja, na sisi tukajibu kama watoto wa shule. Ukitukana, anakuonya. Ukirudia, anakufungia. Si kwamba alikuja kukuzimia mashine. Mashine ni yako. Alisema tu asubuhi, mbele ya wote: "Stesheni fulani haijibiwi." Basi. Kuanzia hapo unaita, wote wanakusikia, na hakuna anayefungua mdomo. Anayekujibu, naye anafungiwa.

Halafu akaja yule mharibifu. Mpaka leo hatujui alikuwa nani wala alikaa wapi. Mwanzoni alipiga filimbi watu wakiongea. Siku nyingine aliwika kama jogoo katikati ya maneno ya Directeur, tena jogoo mzee mwenye mafua, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidole changu kikiwa kimebonyeza kitufe. Stesheni zote zilinisikia.

"Nani anacheka?" Directeur akauliza.

"Kamina Kanisa, papa. Pardon. À vous."

"Kamina Kanisa, hapa haiko teatri."

Ningejua kicheko kile kitanipeleka wapi, ningeuma ulimi.

Sasa kuna desturi moja lazima niieleze. Kifo hatukitangazi kwenye foni. Mama anaweza kuwa amekaa peke yake pale benchini na mtoto mgongoni. Utamwangushaje na neno lile hewani, watu wote wakisikiliza? Kwa hiyo tunasema tu: "Leteni mukubwa wa jamaa." Baba mdogo au kaka anakuja, anaambiwa kwa mafumbo, anakwenda kuwaambia wengine nyumbani taratibu. Ni desturi ya huruma. Mharibifu yule aliigeuza kisu. Aliiga sauti ya opereta fulani, akaita, akasema maneno yale, akanyamaza. Hakusema uongo mrefu. Aliita tu familia, aliyekufa hakumtaja. Familia moja ya Luena ilinyoa nywele na kupanda treni ya mizigo, na kumkuta ndugu yao hapa Kamina anakula bukari na sombe, ugali na kisamvu, akawauliza: "Munakuja kilio ya nani?"

Directeur alikasirika, na alikuwa na haki. Ila hasira yake ilishika mkia wa mtu mwingine. Mashine yake ilikuwa na sindano inayopanda sauti ikiwa na nguvu. Sauti ya mharibifu ilipandisha sindano mpaka mwisho. Kwa Directeur hesabu ilikuwa fupi: sauti yenye nguvu ni ya karibu, na stesheni nyingine ya Kamina ni ile ya kanisa, ya msichana anayecheka.

Nilijaribu kumwambia. Kila mtu aliyekaa na foni masikioni anajua kwamba mchana Luena ya karibu inasikika kama mtu aliye kisimani, na huku stesheni ya mbali kabisa, ya siku nne kwa treni, inaingia kama imekaa jikoni kwako.

"Papa, nguvu ya sauti haionyeshi ni wapi..."

"Weye utanifundisha foni? Minyi niko na hii mashine mbele weye uzaliwe."

Asubuhi yake akasema: "Kamina Kanisa haijibiwi. Mpaka iombe radhi hewani."

Nikaona: sawa, nitanyamaza siku mbili tatu, jogoo atawika tena, watajua si mimi. Na kweli siku ya pili filimbi ililia. Directeur akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Munaona? Anaendelea." Nikabaki natazama mashine. Filimbi ikinyamaza, ni mimi. Ikilia, ni mimi.

Yote hayo ningeyameza. Lakini kila asubuhi alikuja mama mmoja kutoka base, kambi ya jeshi, mke wa mwanajeshi. Mume alikuwa ametumwa mbali. Wao walikuwa watu wa jimbo la Équateur, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, na mimi aliniita leki, mdogo wake. Binti yake wa miaka sita alikuwa Bukama kwa shangazi, na huko akashikwa na surua. Treni hakuna. Foni ya jeshi si ya wake za wanajeshi. Kabla sijafungiwa, yule mzee wa Bukama alimpa habari kila siku: leo homa imepanda, leo amekunywa uji. Nilipofungiwa alikuja vilevile, akakaa, tukasikiliza wengine wakiongea juu ya mihogo.

Siku ya tatu, kama saa nne, ikatoka sauti ya mzee wa Bukama, na mitumbwi haikusikika nyuma yake.

"Kamina Kanisa, Kamina Kanisa. Leteni mukubwa wa jamaa, ile ya base."

Kisha kimya.

Mama yule hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili.

"Leki, uliza."

Nikaita. "Bukama, Bukama, hapa Kamina Kanisa, rudilia, à vous." Nikaita mara kumi. Nilisikia upepo wa redio tu. Nilijua wako pale, stesheni kumi na kitu, kila mmoja amekaa na maji yake ya kunywa pembeni, ananisikiliza ninavyoita. Hata kikohozi hakuna. Ukitaka kujua chuki yangu ilizaliwa lini, ni pale.

"Yaya, dada yangu," nikamwambia, "inaweza kuwa yule mupumbavu."

"Inaweza?" akasema. "Mwana na ngai, mutoto yangu, leki. Inaweza?"

Nikachukua baiskeli ya mwinjilisti bila kuomba. Nilimkuta Directeur dukani, ameegemea kiti, mashine inaongea chini chini.

"Papa, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi, minyi nilikuwa pale na yule mama. Sauti ile imetoka namna gani kwangu, na inaniita minyi mwenyewe?"

Akafikiri. Naapa niliona amefikiri, na niliona ameelewa. Uso wake ulifunguka kidogo, halafu ukajifunga.

"Unaweza kuwa na rafiki wa kukusaidia."

"Sawa. Minyi niko mubaya. Uliza weye. Bonyeza tu, uliza Bukama kama mutoto iko muzima. Neno moja."

"Siwezi kuulizia stesheni yenye iko fungwa. Nikianza hivyo, kesho kila muntu atatuma mama yake hapa. Radhi kwanza. Na hewani, si hapa."

"Papa, mutoto!"

"Citoyenne, règlement ni règlement, sheria ni sheria."

Nilirudi napiga pedali na machozi yanakwenda kwenye masikio. Njiani niliwaza maneno mazuri ya kumwaibisha mbele ya wote. Nina kichwa cha hadithi, maneno yalikuja mengi, matamu. Nilipoingia chumbani nikamkuta mama yule bado ameshika meza, vidole vimekuwa vyeupe kwenye kucha. Maneno yangu yote matamu yakaanguka.

Nikabonyeza. "Hapa Kamina Kanisa. Naomba radhi kwa bote. Njo minyi nilikuwa naharibu. Sitarudia. À vous."

Sauti ya Directeur ikaja mara moja. Alikuwa anasubiri.

"Kamina Kanisa, sikusikia muzuri. Rudilia."

Kutoka kwake mpaka kwangu ni dakika mbili kwa baiskeli. Ningepiga kelele dirishani angenisikia. Nikarudilia.

"Kwa bantu ba Luena pia. Useme."

Nikasema. Niliomba radhi kwa watu walionyoa nywele zao, kwa kosa ambalo sikulijua hata linavyoanza.

"Reçu, imepokewa. Kamina Kanisa, una sauti."

Niliita Bukama. Mzee akajibu papo hapo, anahema, maana aliporudi kutoka mtoni aliambiwa sauti yake imeigwa, na alikuwa amekatazwa kusema. "Si minyi, mutoto yangu! Saa nne nilikuwa ku mto! Ngoja, ngoja, usitoke!" Kisha dakika nyingi za mitumbwi. Kisha sauti ndogo, yenye kukwaruza, iliyoambiwa ongea karibu:

"Mama? Njo weye?"

Nilimshikisha mama kitufe, kidole changu juu ya chake, kwa sababu chake hakikuwa na nguvu.

"Njo minyi."

"Mama, shangazi ananipa mufupa ya kuku nilambe, nyama anakula yeye. Unalia?"

"Hapana. Ni mashine inalia."

Shangazi alisikika nyuma anakana habari ya kuku. Nikacheka, na safari hii kidole hakikuwa changu pekee.

Jioni ile Directeur alitangaza kwamba adhabu imefaa, na kwamba wengine wajifunze kutoka kwa Kamina Kanisa. Filimbi ililia tena wiki iliyofuata. Hakuna aliyesema, "Kumbe haikuwa yule msichana." Hata mmoja. Sokoni kuna akina mama waliohamisha vikapu vyao nilipokaa. Nikiwaambia si mimi, wanasema: tulikusikia kwa masikio yetu, mara tatu. Kweli. Nilisema vizuri sana.

Baada ya mwezi hivi, asubuhi ya kuita majina, Directeur akasema stesheni moja ndogo nje ya mji, kule upande wa Katoto, haijibiwi. Sikumbuki kosa lenyewe, nadhani opereta wake alimkatiza maneno. Saa tano nikamsikia kijana wa stesheni ile anaita Luena, anaita tena, sauti inaanza kupanda kama ya mtu aliyepotelewa na njia. Benchini kwangu walikuwa watu wanne wanaosubiri zamu. Niliwaambia wanisamehe, leo huenda wasiongee na mtu, wala kesho.

Halafu nikabonyeza.

"Nakusikia, mudogo wangu. Hapa Kamina Kanisa. Sema, à vous."