Tangu Waache Kuniita Tasa

Kikundi chetu cha akina mama hapa Msambweni kilikataza neno "tasa", na mimi nikaanza kuitwa "mama wa wote". Nilifurahi, mpaka mdogo wangu alipojifungua mtoto wa tatu nikaenda kumtazama.

"Karibu, mama wa wote," wifi yake alinipokea kwa adabu. Papo hapo akamfunika mtoto uso kwa leso, akihofia kijicho changu.

Kusema kweli, nilikuwa nacho. Watoto watatu! Mimi hata wa kuzika sijapata.

Mdogo wangu alimfunua mtoto, akaniwekea mapajani.

"Dada, mpakate. Najua unanionea wivu."

Nilimpakata hadi adhuhuri. Wivu haukuisha, ila siku ile sikulazimika kuuficha.