Koti la Kahawia na Sweta

Nikifungua kabati langu, harufu ya dawa ya nondo hunirudisha kwa koti la kahawia la Baba. Lilikuwa moja tu, lakini kwa suruali mbili, tai kadhaa na sweta lisilo na mikono, kila Jumapili alitoka nyumbani mtu mpya.

Wakwe wa Mweiga walipokuja kwetu Nyeri mara ya pili kumposa dada yangu, Baba alishinda kwenye kioo. Koti walikuwa wameliona, na hakutaka waseme msichana anatoka kwa watu wa koti moja.

"Weka sweta ndani, na tai ya kijani," Mama alisema. "Kwani leo anayeolewa ni wewe?"

Wageni wakaingia. Baba wa kijana alikuwa na koti lile lile la kijivu la mara ya kwanza, safari hii na sweta ndani. Wazee wawili wakatazamana vifuani.

"Ati Nyeri kuna baridi," mgeni alisema.

"Hata Mweiga," Baba akajibu, nao wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Siku hizi nina makoti mengi ambayo hakuna anayeyaona, maana sitoki. Ninalovaa kila siku, hapa jikoni, ni lile sweta la Baba.