Mgeni wa Mama Mariam

Harufu ya mtama unaokaangwa hunirudisha Najma, Doha, mlangoni kwa jirani yetu Mama Mariam. Mama yangu, nesi kutoka Kisumu, aliniacha kwake kila alipokuwa na zamu. Mama Mariam alikuwa Mkunama wa magharibi mwa Eritrea. Mimi na yeye tuliongea Kiarabu cha dukani, lakini na mumewe aliongea Kikunama kutwa, wakitaniana hadi chai ikapoa. Nami nikaokota maneno machache: maji, kaa, njoo, ndiyo.

Mumewe alipofariki, nyumba ile ikanyamaza. Wakati mwingine nilimkuta jikoni akisema peke yake. Akiniona, anaacha.

Siku moja mama yangu alirudi kutoka kazini na habari: amemhudumia mlinzi mmoja Mkunama anayeishi Al Thumama, na amemwomba aje Ijumaa.

Mama Mariam aliketi. "Mkunama kweli?"

"Amesema mwenyewe, dada."

Ijumaa Mama Mariam alipika ugali wa mtama, akavaa gauni lake la sherehe, na mimi akanipaka mafuta hadi nikang'aa kama sufuria jipya. Mgeni alipoingia, Mama Mariam alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamsalimia kwa Kikunama, maneno mengi kwa pumzi moja. Yule bwana akatabasamu, akajibu. Mama Mariam akarudia, polepole. Akajibiwa tena. Nilisubiri nisikie maji, au hata kaa. Sikusikia.

"Mimi ni Mkunama wa Ilit," mgeni alisema hatimaye kwa Kiarabu, akitazama zulia. "Kikunama chetu ni kingine kabisa."

"Najua," alisema Mama Mariam. "Karibu ule."

Walikula, wakaongea Kiarabu: joto, mabasi, vibali vya kuishi. Akiaga, yule bwana aliomba radhi mara mbili, kama aliyevunja kikombe cha watu.

Mlango ulipofungwa, Mama Mariam alikaa karibu nami akaanza kusema Kikunama, muda mrefu, machozi yakimtoka. Kila alipotua nilimwitikia "ndiyo" kwa lugha yake. Nilidhani anamsema mgeni.

Mama yangu sasa ni marehemu, na humu nyumbani hakuna wa kuniitikia nikisema Kijaluo. Ndipo nimeelewa kwamba siku ile Mama Mariam hakutarajia nimwelewe. Yalikuwa maneno aliyomwekea mgeni wa lugha yake tangu mumewe azikwe, na ilibidi ayatoe mbele ya mtu, hata kama mtu huyo ni mtoto wa Kijaluo aliyekuwa akiitikia tu.